Legacy ya Kijivu, Caldina Nyeupe

…milioni ishirini na moja, anasema Bashiri, tena anaisema polepole kama anamwelekeza mgonjwa dawa, ishirini na moja, dada Devota, na hapo nimekuonea aibu, na mimi namwambia, kwenye simu ulisema ishirini, leo asubuhi ukarudia ishirini, hii moja imezaliwa wapi, njiani?, na mdogo wangu Debora ananivuta mkono wa sweta, dada, punguza sauti, watu wanatazama, watazame, sijaiba kitu cha mtu, mimi nikisema gunia la karanga bei hii ni bei hii, hata aje mnunuzi na gari ya bendera, ndiyo maana pale soko la Majengo mtu akitaka kunisema vibaya anazisema hasira zangu, mizani yangu hawezi kuisema, na nyuma yangu injini zote mbili zinaunguruma, boneti zote mbili wazi, Subaru Legacy ya Bashiri, ya kijivu, na Caldina nyeupe, ubavu kwa ubavu kwenye huu uwanja wa nyuma ya soko ambao siku za kazi unajaa malori na leo Jumapili umebaki na makapi ya alizeti na upepo, na jambo nisilomwambia Bashiri wala Debora ni kwamba nusu yangu haiko kwenye hiyo milioni hata kidogo, nusu yangu iko kwenye sikio la upande wa Legacy, kwa sababu haipayuki kama zile Subaru za vijana zinazopita mtaa wa Kikuyu zikitetemesha vioo vya maduka, hii inanguruma chini, laini, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na mtu akiimba hivyo huwezi kumgombeza vizuri mwenye nyumba… hiyo moja ni ya turbo, anasema Bashiri, nimefunga turbo mpya, dada, mpya ya boksi, ukinunua mwenyewe ukamlipa na fundi inakula zaidi ya hiyo, wewe nakuomba unirudishie kidogo tu, na anaweka kiganja kwenye ukingo wa boneti taratibu, kama anamshika mwanawe bega, na hapo ndipo anaponiudhi zaidi, kwa sababu anaipenda, muuza gari hatakiwi kuipenda gari, akiipenda bei yake inakuwa na majonzi ndani, unajikuta unamlipia na majonzi… dada, anasema Debora kwa ile sauti yake ya kanisani, kwa hela hii tungepata Noah mbili, moja yako moja yangu, najua, Debora, Noah ninayo, ninayo imelala nyuma ya nyumba kuku wanatagia ndani, kila ninachokijua kuhusu gari nilikijua nikiwa chali chini ya hiyo Noah, oili ikinidondokea kwenye kitambaa cha kichwa, simu nimeiegesha kwenye tairi inacheza video ya mtu anayefungua injini kwa lugha nisiyoijua, nikawa naiangalia mikono yake tu, anavyolegeza, anavyopanga nati kwenye sahani, anavyofuta kabla ya kurudisha, nikajifunza hivyo, na ile Noah ilinifikisha Kolo ikanirudisha, sikatai, lakini ilinifikisha nimechelewa, kila msimu nafika mnadani nakuta mtu wa Arusha ameshashika bei ya choroko, na wakulima wananionea huruma, karibu dada Devota, leo umelala njiani Zanka?, wanacheka, na mimi nacheka nao huku nahesabu nilichokosa, kwa hiyo nilichokuja kutafuta ni mgongo mrefu wa kubebea na miguu ya kukimbilia, gari moja yenye vyote viwili, siyo anasa, nimemwambia Debora siyo anasa, na kila nikimwambia nasikia sauti yangu inajikwaa kidogo, kwa sababu ni anasa pia, nani ananidanganya, nimezitamani hizi gari tangu ilipotupita moja kama hii tukiwa kwenye lori tumekaa juu ya magunia ya watu, inapanda mlima bila kubadilisha sauti, buti imejaa mizigo mpaka kwenye kioo na bado inakwenda kama imetumwa habari njema…

Mwenzangu, anasema Violeth, mwenye Caldina, kutoka dirishani mwake, hajashuka, kavaa nguo za ibada na miwani imepandishwa kichwani, mimi yangu haina stori nyingi, kumi na nane na nusu, mlango wa nyuma wa kushoto ulipigwa rangi, niligonga nguzo mwenyewe, hapo kwetu ofisini, kila mtu aliniona, kiyoyozi kinachelewa kupoa, basi, mengine umeyaendesha, nahamia Mtwara mwezi ujao, nikiiuza nitashukuru nisipoiuza nitaenda nayo, na anarudi kwenye simu yake, ona sasa, hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kuuza kitu, nampenda huyu mwanamke na nimemjua leo, anakupa ubovu kwanza kama anavyokupa kiti, ningekuwa na akili timamu ningemlipa Violeth sasa hivi tukaenda wote kunywa soda, na gari yenyewe siyo ya kudharau, Mungu wangu, ile Caldina asubuhi nilipoikanyaga tukipita njia ya Veyula, nilikuwa sijamaliza kuamua ikawa imeshaamua, ilinisukuma mgongo kama shemeji mwenye utani mbaya, Debora nyuma akashika kiti changu kwa mikono miwili akaanza Salamu Maria, na mimi nikacheka peke yangu, haina adabu gari ile, ngumu, fupi, inakwambia kila jiwe la barabarani kwa jina, lakini haina unafiki, ukikanyaga inakwenda ukiacha inatulia, na pale mbele injini imesimama wima kila kitu kinafikika, plagi hizi hapa, turbo hii hapa mbele ya macho, hata mimi na spana zangu za kuazima naijua, buti ndiyo inanitia shaka, viti ukivilaza inabaki ngazi, gunia litakaa kichwa juu kama mgeni asiyezoea mkeka… halafu ile nyingine. Ile nyingine nilipofunga mlango, kioo hakina fremu, kinakuja peke yake kikakaa kwenye mpira bila kelele, pf, nikafungua nikafunga tena, Bashiri akajifanya hakuona, na viti vilipolazwa sakafu ikawa moja tambarare, ningeweza kulala mimi na Debora na mama yetu na bado mguu ukanyooka, na barabarani haikunisukuma, hapana, hiyo ndiyo ajabu yake, nilikanyaga na kwa muda mfupi kabisa hakikutokea kitu, kama mtu anayevuta pumzi, halafu barabara yenyewe ikaanza kuja, miti ikaja, kilima kikaja, hakuna aliyerushwa, Debora alikuwa anasema habari za kitambaa cha sare ya kwaya na akaendelea kusema, hakujua tunakwenda mwendo gani, mimi ndiye niliyeangalia dashibodi nikaondoa mguu kwa woga, injini imelala chini kabisa, imejitandaza kama mnyama aliyepumzika kivulini, ndiyo maana kwenye kona gari haiinami, nilisoma, uzito uko chini, nilisoma na sikuelewa mpaka ile kona ya kushuka, mikono yangu ikaelewa kabla yangu, nikataka kusimama kando ya barabara nikae kimya kidogo, na badala yake nikamwambia Bashiri usukani umekaa upande, uongo mtupu, usukani haukuwa na kosa lolote…

unasikia, dada?, Bashiri anasema, sisemi ununue leo, lala nayo, uwaze, lakini wewe kunipigia kelele mbele za watu kana kwamba mimi tapeli, hapo unanikosea, na hajapaza sauti, angepaza ningemjibu, vumbi limemkaa kwenye kope na bado kiganja chake kiko palepale, na nafungua mdomo nimwambie kwamba anayepandisha bei saa ya kulipa ajiite mwenyewe jina analolitaka, lakini amesema kweli kwamba nampigia kelele, na mimi najijua kelele zangu, kelele za bei hazina urefu huu, bei nikiikataa naikataa kwa maneno matatu nageuka naondoka, wananijua soko zima, sijawahi kusimama kumgombeza mtu muda wote huu juu ya kitu ambacho sikitaki, basi ninapigania nini hapa, na Debora mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, hela ni za wote wawili, nusu yake nusu yangu, ng'ombe wa mwisho aliotuachia marehemu baba, tuliwauza pamoja tukarudi kwenye basi hatusemeshani, siyo kwa ugomvi, tulikuwa tunaogopa mmoja akianza kulia mwingine atafuata, na Debora angeweza kununua cherehani za kutosha akafungua duka lake, akasema hapana dada, tununue gari, choroko zikienda na mimi nitakwenda, ameniamini mimi na video zangu, na hii hela ikizama hakuna nyingine nyuma yake, hakuna zizi, hakuna ndama kwa mtu yeyote… turbo mpya. Kwa nini mpya. Hilo ndilo sijaliuliza. Nimegombana na bei yake na sijaiuliza chochote yenyewe, turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, huchoka kwa mwenye gari asiyebadilisha oili, anayekimbiza gari halafu akafika akazima papo hapo, najua, na kuchoka kuna namna mbili, kuna ile ya kuvuja, inakula oili, inatoa moshi wa bluu, unaitoa unafunga nyingine maisha yanaendelea, na kuna ile ya kupasuka, yale mapanga madogo ya ndani yanakatika, na yakikatika vile vipande vinakwenda wapi, vinakwenda kunakovutwa hewa, vinaingia kwenye injini, ndani kule kwenye kulala kwake kuzuri, vinakwaruza, na gari inaweza kuimba vilevile kwa mwezi, kwa msimu, kwa sauti hiihii niliyosimama naipenda, halafu siku moja katikati ya pori kabla ya Kondoa inanoki, injini inakufa, na mimi na Debora kando ya barabara, na ng'ombe wote wa baba wamekuwa chuma kinachotoa mvuke… na sikuuliza, mimi ninayemuuliza mkulima hata gunia limeshonwa na nani, sikuuliza kwa sababu jibu likiwa baya nitaikosa, afadhali kugombania milioni, milioni nikiishinda napata gari nikishindwa napata hasira, vyote viwili nimevizoea…

na Bashiri naye angekuja juu, ndivyo nilivyojiambia, mtu amesimama na mali yake anaipenda hivyo, umwambie sikuamini, haya nithibitishie, ni matusi, ndivyo nilivyofikiri na siku ile ya Mzee Matonya, nilikuwa binti wa kubeba chai, baba ng'ombe wake hawakulala wote kwetu, hakuna mtu wa kule kwetu Bahi aliyewalaza wote kwake, hawa wako kwa huyu, wale wako kwa yule, anayekutunzia anakunywa maziwa, ndama wanabaki wako, ugonjwa ukiingia zizi moja hauli kila kitu, na yule mwenye madoa alikuwa kwa Mzee Matonya kule Chipanga, rafiki wa baba kuliko ndugu wa baba, akaja na baiskeli jioni, akasema yule mwenye madoa amekufa, na baba alimpenda yule ng'ombe kiasi kwamba alikuwa anakwenda Chipanga kwa miguu kumwona akisingizia mambo mengine, nikajua sasa atawaka, baba alikuwa mimi, au mimi ndiye yeye, hasira zetu ni za nyumba moja, lakini hakuwaka, alimkaribisha kigoda, akaniita nilete chai, wakaongea mvua, wakaongea mtoto wa fulani aliyeoa Manyoni, halafu baba akasema, ngozi iko wapi, Matonya, kwa sauti ya mtu anayeomba kusogezewa chumvi, na mimi na birika langu nikatamani ardhi inimeze, rafiki yake huyu, amekuja na msiba, anadaiwa ngozi ya kuthibitisha kifo kama mchunga wa mshahara, nikamwangalia Mzee Matonya nione uso ukianguka, na uso haukuanguka, uliinuka, alinyanyuka akaenda kwenye baiskeli akafungua kamba, akaitandaza pale uani, madoa yote yapo, alama ya sikio ipo, na hapa ubavuni pameingia jino la fisi usiku, ona, hakuchinjwa huyu, na baba akachuchumaa akapitisha kiganja juu ya manyoya mpaka mwisho, halafu wakanywa chai, na Mzee Matonya alipoondoka aliondoka na mtamba mwingine, wa baba, amfunge kwake palepale alipokuwa yule… na leo ndiyo nakiona nilichokuwa nakitazama, alikuja nayo. Ngozi ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli tangu anaingia, alikuwa anangoja kuulizwa, na baba angemwonea aibu asimwulize, angeondoka nayo vilevile ilivyofungwa, njia nzima mpaka Chipanga, kama mtu aliyesamehewa wizi ambao hakuufanya, na asingerudi tena kunywa chai kwetu kwa raha… kwa hiyo namna hii ninavyopiga kelele, hizi kelele ndizo zinazomwita Bashiri mwizi, siyo swali, kwa sababu mwizi unamgombeza bei, na mtu unayemheshimu unamdai kilicho chako, anayefungua gari ya kuuza akatoa kitu na kukibadilisha anajua kile cha zamani kina mwenyewe, ni cha atakayenunua, hata fundi wa baiskeli hapo sokoni akikubadilishia mpira anakukabidhi uliotoboka, nikiyaona yale mapanga yote yamekaa, mazima, yamechoka tu, basi injini yake ni safi na milioni yake ni halali na nitailipa bila kusema neno, nikiyakuta yamekatika namfuata Violeth na tunabaki marafiki wote watatu, na akisema kaitupa… akisema kaitupa nitajua na hilo, na nashangaa moyo umetulia kiasi gani, gari ni ileile, inaimba vilevile, naipenda zaidi hata, ila sasa naweza kuiangalia bila kupapatika…

dada, anasema Debora, tunafanyaje, na Violeth ameteremsha miwani anatungoja, na upepo unaburuta makapi chini ya magari yote mawili, milioni haijapungua haijaongezeka, Bashiri bado anatazama uso wangu akingoja tusi linalofuata, na mimi nasikia sauti yangu ikitoka ndogo, hata mwenyewe siijui vizuri.

Bashiri, turbo ya zamani iko wapi. Niletee.